Alama ya Penseli

Nianze na aibu yenyewe, maana nikizungukazunguka nitajikuta najitetea, na kujitetea nimeshajitetea vya kutosha. Kwa miaka tisa niliandika alama za mtihani wa kuzungumza kabla ya mtu kufungua mdomo. Niliziandika kwa penseli. Mtu akishaongea na kwenda zake, nilipitisha wino juu ya penseli, na hiyo ikawa alama yake.

Ninafundisha watu wazima Kiingereza pale Ngara, ghorofa ya pili, juu ya maduka ya jumla yanayouza mabeseni na ndoo. Darasa langu la Jumamosi huwa na watu ishirini na kitu. Nusu yao wametoka Kongo na Burundi, wachache Ethiopia, na waliobaki ni Wakenya wenzangu walioacha shule mapema kwa sababu moja au nyingine. Kila mwisho wa muhula kuna mtihani wa kuzungumza. Unaingia ofisini, unakaa mbele ya meza yangu, nakuuliza maswali kwa dakika kumi, nakupa alama juu ya ishirini. Kumi na mbili ni kupita. Ukipita unapewa cheti, na cheti ndicho watu wanachokifuata pale. Hakuna aliyewahi kuja Ngara kwa kupenda Kiingereza.

Habari ya penseli nilifundishwa na mwalimu niliyemkuta. Asubuhi ya mtihani tulikaa na chai na mandazi, rejista wazi mbele yetu, tukashuka na majina. Huyu ni kumi na nne. Huyu hata ajitahidi vipi ni tisa. Tulikuwa na sababu zetu. Rejista ilitakiwa ofisini saa kumi kamili, na ukifika mtu wa kumi na tano masikio yameshachoka, kwa hivyo penseli inakukumbusha unachojua tayari kuhusu huyu mtu. Nilikuja kuwafundisha na wengine hivyo hivyo, tena nikijiona mwalimu mzoefu kabisa.

Mwanamke ninayetaka kumsimulia alikuja mwezi wa kwanza. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mfupi, sweta la kijani limefungwa vifungo hadi shingoni, daftari lake amelivika karatasi ya kaki kama la mtoto wa darasa la kwanza. Alikuwa anaishi Uthiru, na anafanya usafi katika makao ya wazee karibu na Adams Arcade. Miaka kumi na moja alikuwa amepiga deki mle. Lakini kazi yake haikuwa deki tu. Ndiye aliyewalisha wazee wasioweza kushika kijiko, ndiye aliyewageuza kitandani wauguzi walipozidiwa. Sasa mwenye makao alikuwa ametangaza kwamba mwaka ukiisha usafi utapewa kampuni. Mfagiaji atakayeleta cheti cha Kiingereza cha kuzungumza ataandikwa kazi ya kuhudumia wazee. Asiye nacho, kwaheri. Haya alinieleza siku ya kwanza kwa Kiswahili, amesimama wima, ili nijue mapema hakuja kupoteza muda.

Kisha akaniangalia vizuri, akatabasamu, akanisalimia kwa Kikamba.

Sijui alijuaje kwamba mimi ni Mkamba. Jina ninalotumia ni la ndoa, la watu wa Kiambu, na mimi nimezaliwa na kulelewa hapa hapa Nairobi. Labda ni uso. Nilimjibu kwa Kiingereza, tena kile cha baridi, kwamba darasani tunatumia Kiingereza pekee. Uongo mtupu! Dakika tano kabla ya hapo nilikuwa nacheka na Mrundi mmoja kwa Kiswahili mpaka machozi yananitoka. Yule mama alisema pole, mwalimu, akaenda kukaa nyuma kabisa, karibu na dirisha.

Alikuwa anajua Kiingereza. Hilo nataka lieleweke. Alikuwa amekiokota mle makaoni, kwa wazee waliokuwa mahakimu na walimu wakuu zamani, wakawa sasa hawana mtu wa kuongea naye isipokuwa anayepanguza sakafu. Sentensi zake zilikuwa fupi na zilifika zilikokuwa zinakwenda. Tatizo, kwa masikio yangu, lilikuwa ulimi. Nairobi tunaita kushrabu, mtu akiongea Kiingereza halafu lugha ya kwao isikike ndani yake. Watu huchekwa kwa hilo ofisini, bungeni, kanisani, na anayecheka zaidi mara nyingi ni yule aliyefanikiwa kuuficha wake.

Darasani humo humo kulikuwa na bwana mmoja kutoka Bukavu, mtu wa koti na marashi. Huyo aliuchanganya wakati uliopita na ujao, akasahau maneno, akapunga mikono hewani akiyatafuta, na sisi sote tukamsaidia kuyatafuta huku tukicheka kwa upendo. Kiingereza chake kilikuwa na Kifaransa ndani. Mimi nikasikia ustaarabu. Makosa yake niliyaita lafudhi, na lafudhi ya yule mama nikaiita makosa. Sikuwahi kujiambia hivyo kwa maneno, la. Ningejisikia nikisema ningeshtuka.

Lakini nadhani najua lilikotoka. Mama yangu mzazi alikuwa anauza ndizi na parachichi hapo hapo Ngara, na kwa hizo ndizi akanipeleka shule ya bweni. Siku moja ya wazazi alikuja amevaa rinda lake la kanisa, akasimama mbele ya mwalimu mkuu na kumwuliza kwa Kiingereza ninaendeleaje. Alikuwa amejizoeza, ungeona tu alivyokuwa anavuta pumzi kabla ya kila neno. Wasichana waliokuwa nyuma yangu wakaangua kicheko, wakaanza kumwigiza. Nami nikacheka. Nilicheka nao, jameni, tena kwa sauti, ili waone niko upande wao. Mama alisikia. Alinipa chapati zangu zilizofungwa kwenye leso, akaniambia nisome, akaondoka. Kuanzia siku hiyo niliusugua ulimi wangu kama sufuria iliyoungulia, miaka na miaka, mpaka nikaitwa mwalimu wa Kiingereza.

Basi huyu mama akija darasani na kufungua mdomo, mimi nilisikia uwanja wa shule na wasichana wanacheka. Nilitaka anyamaze. Ndiyo hivyo, nilitaka tu anyamaze. Akiinua mkono nilimpa nafasi mwisho, na akianza kusema nilimalizia sentensi yake.

Muhula wa kwanza nilimpa kumi. Wa pili kumi na moja. Alilipa ada tena, akarudi, akakaa pale pale kwa dirisha. Wa tatu ulikuwa mwezi wa kumi na moja, na ndio ulikuwa wa mwisho kwake, kwa sababu Desemba ilikuwa inakuja na kampuni ya usafi ilishatia sahihi.

Siku hiyo aliingia ofisini amesuka nywele upya, sweta lile lile limepigwa pasi. Mezani palikuwa na rejista, penseli, kifutio, yaani ile raba ndogo ya pinki, kalamu ya wino, na simu yangu ya kurekodi. Ofisi ilikuwa imeanza kutaka tuwarekodi watahiniwa, lakini hakuna aliyekuwa anazisikiliza hizo rekodi. Yule mama alisimama kidogo, macho mezani. Kisha akavuta kiti akakaa. Nilidhani ni woga.

Nilimwambia anieleze tatizo alilolitatua kazini. Akaongea. Nakumbuka nilitazama saa ya ukutani, nikatazama nje, ambako mtu alikuwa anashusha mabeseni kutoka kwa lori. Nikasema asante, inatosha.

Akabaki amekaa. "Mwalimu, nimekosea wapi, nijue?" aliniuliza kwa Kiswahili.

"Ongeza mazoezi," nikasema. "Bado maneno hayatiririki."

"Sawa, mwalimu. Asante."

Alipofunga mlango nilipitisha wino. Kumi na moja. Usidhani sikujua maana yake, nilijua vizuri sana, hata Desemba nilikuwa nimeihesabu. Nilijiambia kiwango ni kiwango, na nikamwita anayefuata, ambaye alikuwa yule bwana wa Bukavu. Nilimpa kumi na sita.

Mwezi wa kwanza uliofuata tulipata mwalimu mpya, msichana mdogo, mpole, mwenye madaftari mengi. Aliomba zile rekodi ajizoeze kutoa alama. Nikampa bila wasiwasi. Hakuwa na majina, alikuwa na sauti tu na ile karatasi ya masharti ambayo sote tunayo na hakuna anayeisoma. Siku ya pili wakati wa chakula cha mchana alikuja na orodha yake tuilinganishe na yangu.

Bwana wa Bukavu alimpa kumi na mbili. Yule mama, kumi na tano.

Nilicheka. "Huyo? Wewe, huyo mama anashrabu vibaya sana! Hukusikia?"

"Nilisikia, madam. Lakini hapa wameandika tuangalie kama ameeleweka. Mimi nilimwelewa yote." Akageuza karatasi kunionyesha. "Huyu mwingine nilirudia mara tatu."

Nilimfokea. Nilimwambia ameanza kazi juzi, hajui Kiingereza ni nini huko nje, watu hawatamsamehe yule mama kama alivyomsamehe yeye. Nilisema mengi. Msichana wa watu akakusanya karatasi zake akaenda kulia chooni, na mimi nikabaki na chakula kinapoa.

Mchana huo nilishusha rejista za zamani kutoka kabatini. Penseli yangu sikuwa naifuta, nilikuwa naandika juu yake tu, kwa hivyo ukiinamisha ukurasa kwenye mwanga wa dirisha unaiona bado inang'aa chini ya wino. Nilitafuta mahali ambapo wino ulikuwa umekataa penseli. Kurasa baada ya kurasa, wino umeketi juu ya penseli, tarakimu ile ile. Walikuwapo wachache niliowapandisha. Wote walikuwa wageni, na wengi wenye Kifaransa. Mkamba mwenzangu hata mmoja sikuwahi kumpandisha. Watu walipanda zile ngazi wamevaa nguo zao nzuri, wakaongea mbele yangu, wakashuka, na hakuna lolote walilolisema lililobadilisha kitu. Ngai, Mungu wangu, miaka tisa.

Halafu nikaisikiliza rekodi yenyewe. Ya bwana wa Bukavu ilikuwa na dakika kumi na mbili. Ya yule mama ilikuwa na dakika nne na kitu.

Alikuwa anasimulia habari za mzee mmoja pale makaoni aliyekataa kula. Wauguzi walisema ni ukaidi, daktari akasema ni uzee. Yeye, akipanguza chini ya kitanda, aliona mzee anashika shavu. Akangoja watu watoke, akamwomba afungue mdomo. Meno ya bandia yalikuwa yamemkata ufizi mpaka ukaoza, na mzee alikuwa anaona aibu kusema. Akamwambia muuguzi. Kisha kwa wiki tatu akawa anamlisha uji kwa kijiko kidogo, upande wa kulia tu, akimwimbia ili ameze. Alieleza yote hayo kwa Kiingereza safi, hatua kwa hatua. Alikuwa anaanza kusema mzee alivyomwambia siku alipopona, na hapo ikasikika sauti yangu: asante, inatosha. Mpaka leo sijui yule mzee alisema nini.

Nililia, ndiyo, lakini kulia kwangu hakukumsaidia mtu. Nilienda kwa mkuu wetu na zile rejista zote. Alizitazama muda mrefu. Akaniambia kwa sauti ya chini nisiwaonyeshe wengine, watu watadai kurudiwa mitihani ya tangu enzi. Nikamwambia nitaandika barua yangu mwenyewe, nitie sahihi, anifukuze akitaka. Hakunifukuza. Wiki ya tatu akanipa cheti cha yule mama kwenye bahasha, amekitia mhuri, na akaniomba jambo hilo liishie hapo. Sikumwahidi, ingawa kusema kweli sijafanya kubwa zaidi ya hilo, ila kuizuia penseli kuingia ofisi ya mtihani. Walimu wengine wananiona nimekuwa mgumu.

Nilianzia Adams Arcade. Mlinzi wa makao alinitazama tu. "Hao wamama wa zamani? Waliondoka Desemba. Sasa ni kampuni." Ndani niliona vijana wawili wenye sare ya rangi ya machungwa wakisukuma deki, masikio yamezibwa na muziki. Nikamwuliza kuhusu wahudumu wa wazee. "Walijaza zamani," akasema. "Waliletwa wengine, wenye vyeti."

Uthiru nilimpata kwa kuulizauliza kanisani kwake. Alikuwa amekuwa mama fua, anafulia watu nguo kwenye fleti. Nilimkuta nyuma ya jengo moja, ameinama kwenye beseni, mikono imekunjamana na kuwa myeupe kwa sabuni, mashuka ya watu yamejaa kwenye kamba. Aliponiona alisimama upesi akajipangusa mikono kwa lile sweta la kijani.

"Mwalimu! Karibu. Kuna nini?"

"Mwaitu," nikasema. Ndivyo tunavyowaita mama zetu kwa Kikamba. Nikaanza kumsalimia kama alivyonisalimia mimi siku ile ya kwanza, ulimi wangu ukijikwaa, maana Kikamba nilikuwa sijakitumia tangu tulipomzika mama.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanijibu kwa Kiingereza, polepole, kwamba hakuna shida, mwalimu anaweza kutumia Kiingereza. Hakusema kwa ubaya. Aliniletea ndoo akaigeuza nikalie.

Nilimpa bahasha. Akakisoma cheti chote, hata maandishi madogo ya chini, akakirudisha ndani ya bahasha na kuiweka juu ya dirisha ambako maji hayafiki. Nikamweleza kwamba nilikosea, kwamba mwalimu mwingine alimpa kumi na tano, kwamba kosa lilikuwa langu na si lake. Niliomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, na Mungu anisamehe, nadhani nilikuwa naitamani. Yeye alikuwa anakung'uta foronya.

"Na yule mzee?" nikamwuliza, nisijue niseme nini tena. "Yule wa meno."

Akageuka. "Kumbe ulisikia hiyo stori?"

"Niliisikia Januari. Kwa simu."

"Aah," akasema. "Kwa simu." Akaining'iniza foronya, akaibana. "Yule mzee alizikwa mwezi uliopita. Hao wapya walinipigia mara moja kuuliza hula namna gani. Nikawaambia, upande wa kulia. Hawakupiga tena."

Mtu juu ghorofani aliita kuuliza kama mashuka yake yamekauka, naye akajibu bado, mama, ngoja kidogo. Nilisimama niende. Ndipo aliponiambia, mgongo umenigeukia, anasuuza.

"Mimi nimepanguza meza za watu miaka mingi, mwalimu, wakiwa wamekaa hapo hapo wanaandika. Karatasi naisoma hata ikiwa imegeuka juu chini. Siku ile ya mwisho niliona. Kabla sijakaa. Ilikuwa imeandikwa kumi na moja."

Nilimwuliza mbona hakusema kitu.

"Ningesema nini? Niliona ni ya penseli, na raba iko hapo kando." Akaikamua ile nguo mpaka maji yakaisha. "Nikajiambia, wacha niongee vizuri, labda utafuta."